Kabla Hujaandika "Wazazi Hawana Mwamko"

Kuna sentensi moja inayozunguka kwenye ripoti za fildi kila mwaka, hasa kwa sisi tunaosoma ualimu na maendeleo ya jamii. Inakaa kwenye ukurasa wa changamoto, katikati ya uhaba wa madawati na utoro: "Wazazi hawana mwamko wa elimu." Basi. Hakuna maelezo, hakuna mfano, msimamizi anapita na kalamu yake anaweka tiki. Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anaikuta kwenye ripoti aliyoazima kwa kaka wa mwaka wa tatu, naye anaiandika vilevile.

Nataka tuisimamishe sentensi hii tuikague, na nitatumia darasa la awali kama sehemu ya ukaguzi. Chekechea, au vidudu kama wazee wetu wanavyoita hadi leo, ndipo mahali ambapo mzazi na mwalimu wanakutana kwa mara ya kwanza. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kufika nyumbani akasema "mnaitwa shule." Mtoto wa miaka minne akitumwa ujumbe, atafika na nusu yake, au atafika na habari ya jogoo aliyeingia darasani. Hawezi kubeba mawasiliano ya watu wazima. Hivyo watu wazima wenyewe lazima waongee, na wasipoongea hakuna wa kuwazibia pengo.

Kwanza tuweke msingi. Tanzania iliitambua elimu ya awali kama sehemu ya mfumo rasmi katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995. Sera ya 2014 ikaifanya ya lazima, kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Januari 2016 ada zikaondolewa katika shule za serikali, na madarasa ya awali yakafurika. Kenya wao, chini ya Katiba ya 2010, waliikabidhi elimu hii kwa serikali za kaunti, na mtaala wao wa umilisi umeweka ushiriki wa wazazi kuwa jambo la kupangwa, si hisani ya mwalimu mwenye moyo. Mwishoni mwa 2021 Tanzania nayo ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile tunayoiona kwenye mabango kama PJT-MMMAM (jamani, ufupisho ambao nao unahitaji ufupisho), ambamo familia inahesabiwa kuwa mlezi wa kwanza. Kwa hiyo kwenye makaratasi mzazi yupo. Swali ni namna anavyoitwa.

Sasa fikiria kilichotokea kuanzia 2016. Kwa miaka mingi mkutano wa wazazi katika shule ya msingi ulikuwa mkutano wa michango: mlinzi, chaki, uji, tanki la maji. Ndiyo sababu ya kukutana, na kwa wazazi wengi ndiyo sababu ya kukwepa. Serikali ilipotangaza elimu bila ada, wapo waliosikia "mzazi sasa amepumzika", ingawa waraka wa 2016 ulieleza wazi kwamba sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vinabaki kwa mzazi. Michango ilipopungua, mazungumzo nayo yakapungua, kwa sababu katika shule nyingi hapakuwa na mazungumzo mengine. Hapa ndipo mimi naona "mwamko" unaanza kusingiziwa. Mtu ambaye kwa miaka kumi ameitwa ili atoe pesa, siku akiitwa bila kuelezwa sababu, atadhani nini?

Nadharia zipo, na nitazipitia haraka kwa sababu wengi tumeshazikariri kwa ajili ya testi. Urie Bronfenbrenner, katika kitabu chake cha 1979, alisema mtoto hakui ndani ya nyumba peke yake wala darasani peke yake. Hata uhusiano uliopo kati ya nyumba na darasa ni sehemu ya mazingira yanayomkuza. Aliuita mesosistemu. Kwa lugha ya kwetu: mama na mwalimu wasiposalimiana, mtoto anakua ndani ya huo ukimya. Joyce Epstein naye aligawa ushiriki wa wazazi katika aina sita: malezi, mawasiliano, kujitolea shuleni, kujifunza nyumbani, kushiriki maamuzi, na ushirikiano na jamii. Orodha yake inasaidia kwenye mtihani, lakini ina hatari moja. Inamfanya mwalimu ahesabu aina badala ya kuwatazama watu. Shule inaweza kutiki zote sita na bado bibi anayemlea Neema hajui jina la mwalimu wa Neema.

Ninaowaona kuwa na faida zaidi kwa kazi yetu ni Kathleen Hoover-Dempsey na Howard Sandler, waliouliza swali la kawaida kabisa miaka ya 1990: kwa nini mzazi anashiriki? Majibu yao makuu yalikuwa matatu. Je, mzazi anaamini kwamba kushiriki ni kazi yake? Je, anaamini kwamba ana uwezo wa kumsaidia mtoto? Na je, amealikwa kweli, na shule, na mwalimu, na mtoto mwenyewe? Baadaye waliongeza muda, nguvu na hali ya maisha ya mzazi. Sasa rudi kwenye sentensi yetu. "Hana mwamko" inagusa swali la kwanza tu, tena kwa kulishutumu. Maswali mengine yote yako upande wa shule, au yako kwenye maisha ya mzazi, na ripoti zetu haziyaulizi.

Anzia kwenye mwaliko. Huu hapa ni wa aina ambayo kila mmoja wetu amewahi kuuona umebandikwa kwenye mti au umeandikwa nyuma ya daftari la mtoto:

"YAH: MKUTANO WA WAZAZI. Wazazi wote wa darasa la awali mnatakiwa kufika shuleni siku ya Jumatano saa 4:00 asubuhi bila kukosa. Ajenda: 1. Taaluma. 2. Michango. 3. Mengineyo. Atakayekosa hatua zitachukuliwa dhidi yake."

Usome kama mama anayeuza vitumbua. Jumatano saa nne ndiyo anamalizia biashara ya asubuhi na kufuata unga wa kesho. Neno la kwanza analokutana nalo ni la ofisi. "Mnatakiwa" ni amri. "Taaluma" ya mtoto wa miaka minne ni kitu gani hasa? "Michango" ameielewa vizuri mno. Na mwisho ametishwa. Asipokuja, tunaandika hana mwamko. Akija, atakaa nyuma kwenye kale kabenchi ka watoto, magoti yakimgusa kidevu, atasikiliza saa mbili, atanyoosha mkono kwenye mengineyo na kuambiwa muda umekwisha.

Ujumbe huohuo ungeweza kuandikwa hivi:

"Habari za leo, mzazi au mlezi wa Neema. Jumamosi hii saa 10 jioni tutakutana darasani kwa saa moja. Watoto watawaonyesha namna wanavyohesabu kwa vizibo. Tungependa pia kusikia kutoka kwenu: asubuhi mtoto anafika amekula nini, na akichelewa kula inakuwaje? Siku hiyo hakuna mchango utakaodaiwa. Kama huna wa kumwachia mdogo wake, karibu naye. Ukishindwa kabisa, mtume bibi, shangazi au kaka mkubwa, au nipigie baada ya saa 11 jioni. Mwalimu wa awali."

Angalia kilichobadilika zaidi ya adabu. Ujumbe unasema "mzazi au mlezi", kwa sababu watoto wengi wanalelewa na bibi, shangazi au dada mkubwa, na neno "wazazi" linamfanya bibi ajione si mlengwa. Unataja muda wa kuanza na wa kumaliza. Unatoa kitu cha kuona kabla ya kitu cha kusikia, na ukweli ni kwamba mzazi anakuja kumwona mwanawe, hakuji kukuona wewe. Halafu unauliza jambo ambalo mzazi analijua na mwalimu halijui. Hilo la mwisho naliona kuwa muhimu kuliko yote. Mzazi aliyeulizwa kitu anachokijua hukaa mkutanoni kwa namna tofauti.

Wazo hili lina watu waliolifanyia kazi. Mwaka 1992 Luis Moll na wenzake waliandika kuhusu walimu wa Tucson, Arizona, waliozitembelea familia za wafanyakazi zenye asili ya Mexico. Hawakwenda kutoa mafunzo. Walikwenda kujifunza familia zinajua nini: kilimo, ujenzi, dawa za miti, biashara ndogo. Maarifa hayo wakayaingiza darasani. Hapa kwetu ungekuta nini? Baba fundi baiskeli anayejua ukubwa wa spana kwa kuzigusa tu. Bibi anayesuka ukili na kuhesabu miyaa bila kuandika popote. Mama ntilie anayegawanya mafungu kumi na mawili ya maharage yakalingana. Hizo ni hesabu za awali, ziko nyumbani, na tunamwambia mama huyo kwamba hawezi kumsaidia mtoto kwa sababu hakumaliza la saba.

Kuna mfano mkubwa zaidi, na uko kwetu pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimfikishia Aga Khan kilio chao: watoto wao walikuwa wanabaki nyuma shuleni. Kilichoanzishwa baada ya hapo, kwa majaribio Mombasa mwaka 1986, ni mpango wa chekechea za madrasa, na mwalimu aliyesimama mbele yake alikuwa Bi Swafiya Said. Zanzibar iliingia mwaka 1990, Uganda 1993. Msomi wa elimu anaweza kuusoma mpango huu kwa pande nyingi, ila upande unaotuhusu leo ni huu: hawakwenda kwa jamii na shule iliyokamilika. Walikwenda mahali ambapo jamii ilikuwa imeshawaamini watu kuhusu watoto wake, yaani madrasa, wakaongea na wazee, na mama, na walimu wa chuo. Jamii ndiyo ilitoa eneo, ikachagua kamati na akina mama wakiwemo, ikawatoa mabinti wa palepale wakafundishwa ualimu. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifuu vya nazi, makombe, ukili na maboksi. Mtoto alijifunza kwa kucheza, kwa Kiswahili, na dini yake ikiwa ndani ya ratiba.

Mnaona walichofanya na swali la "mwamko"? Kwa macho ya nje, mzazi wa pwani aliyempeleka mwanawe chuoni badala ya shule angeandikwa kwamba hana mwamko wa elimu. Kumbe alikuwa na mwamko mkubwa sana wa elimu, ila alikuwa na wasiwasi kwamba shule ingemchukua mtoto na kumrudisha akiwa mtu mwingine. Wasiwasi huo ulijibiwa kwa kuongea na kwa kujenga pamoja. Kama ungejibiwa kwa tangazo lenye "hatua zitachukuliwa", sidhani kama kuna chekechea hata moja ingesimama.

Wanaopenda mifano ya Ulaya watasema habari ya Reggio Emilia, na ni kweli inafaa kutajwa. Mwaka 1945, siku chache baada ya vita kuisha kaskazini mwa Italia, wanakijiji wa Villa Cella waliuza kifaru, malori na farasi vilivyoachwa na Wajerumani, na kwa pesa hizo wakaanza kujenga shule ya watoto wadogo kwa mikono yao. Loris Malaguzzi, mwalimu kijana, alisikia habari akaenda na baiskeli kuona kama ni kweli. Akabaki kwenye kazi hiyo maisha yake yote. Shule za awali za manispaa ya mji huo zilianza 1963, na desturi yao inayojulikana zaidi ni ya ukuta: picha, michoro na maneno ya watoto yanabandikwa ili mzazi anapomfuata mwanawe aone siku ilivyokwenda. Marekani nao, katika Head Start iliyoanza 1965, walikwenda mbali zaidi upande wa maamuzi: wazazi ndio walio wengi katika baraza la sera la kila mradi, na baraza hilo lina sauti kwenye bajeti na ajira. Sisi tunazo kamati za shule. Nani anayeongea kwenye kamati kuhusu darasa la awali, ambalo mara nyingi ndilo lenye watoto wengi na chumba kibovu kuliko vyote? Nenda kaulize shule uliyopangiwa.

Turudi kwenye vitu vya kila siku, maana huko ndiko kazi iliko.

Mlangoni asubuhi. Hii ndiyo njia bora ya mawasiliano katika chekechea, na haina gharama. Dakika moja: "Shikamoo mama. Ameamkaje leo?" Mama atakwambia hakulala, meno yanamsumbua, au babake amesafiri. Kwa taarifa hiyo utaelewa kwa nini saa tatu mtoto analia bila kuguswa. Saa ya kutoka nawe umrudishie kitu kimoja cha kweli: "Leo amemgawia mwenzake udongo wa kuchezea, wiki iliyopita alikuwa anaukumbatia peke yake." Tatizo ni kwamba anayemleta si lazima awe mama. Anaweza kuwa dada wa kazi, kaka wa darasa la tano, au bodaboda aliyebeba watoto wanne kwa mkupuo. Kwa hao salamu inatosha. Ya mtoto usimpe bodaboda ayafikishe, hata kama mnafahamiana. Mpigie mzazi.

Salamu zenyewe tusizidharau. Wengi wetu tutakwenda kufundisha tukiwa na miaka 23, na mbele yetu atasimama bibi wa miaka 65. Ukimwita "mzazi wa huyu" umeshamshusha. Shikamoo inatoka kwako hata kama wewe ndiye mwenye digrii, kisha "bibi Neema" au "mama Neema", kwa jina la mtoto, na mlango unafunguka. Na ukiwa eneo ambalo wazazi wanaongea Kisukuma au Kimakonde zaidi ya Kiswahili, jifunze angalau salamu zao. Mtoto anayekaa kimya wiki tatu darasani huenda si mzito wa akili wala si mwoga. Huenda lugha ya nyumbani na ya darasani hazijakutana, na hilo atakueleza mama yake, si kipimo cha utayari.

Simu. Kila mtu sasa anasema tufungue grupu la WhatsApp, tumemaliza. Pole pole. Mwenye simu ya kitochi hayumo. Asiye na bando ataingia Jumapili akute meseji mia mbili. Simu ya nyumbani ni moja na iko kwa baba, na baba yuko mgodini. Grupu linaweza kusaidia kama litakuwa na kazi moja, matangazo mafupi, na mwalimu akawa amejua kwa majina ni nani hawamo ili awatumie meseji ya kawaida au awapigie. Lakini likiachwa, linageuka kuwa la video za kusambaza na salamu za asubuhi zenye maua, na mbaya zaidi, la orodha ya wanaodaiwa. Kumwanika mzazi mbele ya wazazi hamsini kwa deni la uji ni njia ya uhakika ya kutomwona tena. Picha za watoto nazo: mzazi akubali kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mtoto anayeoga jua na chupi kwenye mchanga si picha ya kusambaza.

Shule binafsi wana dayari. Mtoto anarudi nayo kila siku, mzazi anasaini. Kwenye karatasi ni mawasiliano ya pande mbili. Kiuhalisia, ukifungua nyingi utakuta upande mmoja: "Asome uk. 14", "Alete rimu", "Hakufanya kazi ya nyumbani", na chini saini ya mzazi, siku thelathini mfululizo. Saini si mazungumzo. Mwalimu akiandika swali moja kwa wiki, tena swali la kweli, mfano "nyumbani anapenda kucheza nini?", dayari ileile inaanza kufanya kazi.

Na tukishafika kwa shule binafsi tukubali kwamba kuna ugomvi halisi kati ya wazazi na walimu wa awali, usiotatuliwa kwa tabasamu. Mzazi analipa pesa yake, anataka mtoto wa miaka minne arudi na kurasa mbili za herufi na aseme "good morning". Mwalimu aliyesoma anajua kwamba mtoto huyo anahitaji kucheza, kukimbia, kusikiliza hadithi na kuimarisha vidole kabla ya kushika penseli. Mzazi anasema, "Hawafundishwi, wanacheza tu." Ukimjibu kwa Piaget umempoteza. Mwalike. Mwache akae nusu saa kwenye kona ya duka, aone mwanawe akiuza vizibo vitano, akirudisha chenji, akibishana na mteja, akichora alama ya deni kwenye kipande cha boksi. Kisha mwulize: umeona hesabu ngapi hapo? Wengine wataelewa, wengine watakwambia bado wanataka kurasa. Hapo itabidi mjadiliane, na huenda wewe ukubali kidogo na yeye akubali kidogo. Mzazi anayebishana nawe kuhusu mtaala ni mshiriki tayari.

Kuna ukimya mwingine ambao haufanani na huo, na ndio unaoniuma zaidi. Mtoto anarudi nyumbani na alama ya fimbo mguuni. Mama anaiona, anapaka mafuta, ananyamaza. Ukimwuliza kwa nini hakwenda shule atakwambia, "Nikienda kusema, mwanangu atachukiwa." Huyu ana mwamko kuliko sisi wote. Amepiga hesabu ya nguvu: nani ana mamlaka, nani atabaki na mtoto mlango ukifungwa. Shule ambayo haina namna ya mzazi kulalamika bila mtoto kulipia, haina haki ya kudai ushirikiano. Namna hiyo si lazima iwe kubwa. Mjumbe wa wazazi aliyechaguliwa na wazazi wenyewe, namba ya simu ya mtu asiyekuwa mwalimu wa darasa, siku inayojulikana ya kumwona mwalimu mkuu. Kinachotakiwa ni malalamiko ya kwanza yakijibiwa vizuri, na mtaa mzima utajua kabla ya jioni.

Kuhusu kumtembelea mzazi nyumbani, kozi zetu zinaisifia sana bila kusema namna. Katika mradi wa Perry Preschool kule Ypsilanti, Michigan, kati ya 1962 na 1967, mwalimu alikwenda kwa kila familia mara moja kwa wiki kwa saa moja na nusu. Mwalimu wa awali wa kwetu mwenye watoto 80 hawezi, tusidanganyane. Anaweza familia mbili kwa mwezi, akianza na zile asizoziona mlangoni. Atoe taarifa kabla, asiende na mtendaji wa mtaa (mtendaji akija watu wanafikiria faini), apige hodi, akae anapokaribishwa, akipewa maji anywe. Daftari libaki kwenye mkoba. Asitembeze macho kwenye paa. Azungumze kwanza kuhusu kitu kizuri cha mtoto, na aondoke kabla hajachosha.

Baba ni habari ya kipekee na ningependa mtu mwingine aiandike kwa kirefu. Nitasema moja: mialiko mingi ya chekechea husema "mama", kazi zinazoombwa ni kupika uji na kufagia, halafu tunashangaa baba hayupo. Mwombe atengeneze bembea au avute kamba ya goli. Atakuja, na akishakuja mwonyeshe kitabu.

Sasa ripoti yako. Unakwenda fildi, utakaa wiki nane au zaidi, na kwenye ukurasa wa changamoto kuna mahali patupu panakusubiri. Kabla hujaijaza ile sentensi, chukua tangazo la mwisho la shule ulinakili kama lilivyo. Andika lilitumwa siku gani, kwa njia gani, likasema nini. Hesabu waliokuja. Kisha, na hii ndiyo sehemu ambayo hatuifanyi, tafuta watatu au wanne wasiokuja, uwaulize kwa heshima walisikia lini na siku hiyo walikuwa wapi. Mfano wa namna ya kuandika: "Mkutano uliitishwa Jumatano saa 4 asubuhi kwa tangazo la ubaoni. Kati ya wazazi na walezi 41 walifika 9. Wanne kati ya wasiofika nilioongea nao, wawili hawasomi tangazo la ubaoni kwa kuwa mtoto huletwa na ndugu yake, mmoja alikuwa sokoni, na mmoja alisema alidhani ni michango." Namba hizo nimezitunga ili uone umbo, zako zitatoka kwenye daftari lako.

Halafu kabla hujapanda basi la kurudi chuo, mwonyeshe mwalimu wa awali ulichokipata, kwa faragha na si mbele ya wenzake, kwa sababu yeye ndiye atakayeandika tangazo la muhula ujao.